Meza Mbili, Daftari Moja: Mteja wa Bandani ni wa Nani?

Juu ya meza kuna kaunta buku lenye jalada gumu. Kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mgeni, na kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, anakotoka, namba ya simu, anachohitaji. Daftari la namna hiyo halikosekani katika Maonesho ya Kitaifa ya Teknolojia ya Madini, yanayofanyika Geita kila mwaka tangu 2018, na siku hizi kwenye viwanja vya Bombambili. Wajasiriamali wa Chato nao hufunga mizigo yao kwenda huko: mafundi wa mashine kutoka Buseresere, wauza asali, wauza dagaa wa ziwani, akina mama wa sabuni na batiki. Wengi wao hawana uwezo wa kugharamia banda peke yao. Wawili wanachangia kodi, au wanapangiwa meza mbili chini ya hema moja la halmashauri, na daftari linakuwa moja.

Maonesho yakiisha, chupa za asali zilizouzwa hazileti maneno. Kila mtu alikuja na mzigo wake, akauza, akapokea fedha yake mkononi au kwenye simu. Maneno huletwa na majina yaliyobaki kwenye daftari. Yule mgeni aliyesimama dakika tano, akashika chuma, akauliza bei, akaandika namba na kusema atarudi, ndiye mwenye fedha kubwa. Mashine ya mamilioni hainunuliwi mtu akiwa anapita na soda mkononi. Anaenda kwanza kuzungumza na wenzake wa duara, yaani shimo wanalochimba, anatafuta fedha, anapiga simu baada ya wiki mbili au tatu. Na simu hiyo inaita mfukoni mwa mtu mmoja.

Wanaochangia banda wanayajua mazungumzo haya.

“Mdogo wangu, yule mzee wa Nyarugusu alisemaje?”

“Aa, alikuwa anauliza tu, dada.”

Mwezi unapita. Dada, ambaye anauza mota, anasikia kwa watu kwamba karasha, ile mashine ya kusaga mawe, limeshushwa Nyarugusu pamoja na mota yake, ila mota imenunuliwa duka jingine kwa sababu mdogo wake, fundi wa karasha, hakutaka kumtaja. Mwaka unaofuata kila mmoja anatafuta mtu mwingine wa kuchangia naye, na habari inaenea Katoro na Buseresere kwamba fulani hafai kukaa naye banda moja. Miji hiyo miwili imeshikana kiasi kwamba mgeni hajui Katoro ya Wilaya ya Geita inaishia wapi na Buseresere ya Chato inaanzia wapi. Jina la mtu likichafuka upande mmoja wa barabara, upande wa pili limeshafika.

Jambo hili linaniuma, kwa kuwa ukanda huu si mgeni wa kugawana. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo siku ya mgawo. Mawe yaliyotoka chini yamejazwa kwenye mifuko, mifuko imepangwa mdomoni mwa duara, na wanaohusika wamesimama wanaangalia. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wana lao, na pengine mwenye shamba naye yumo. Viwango hutofautiana machimbo na machimbo, lakini vinajulikana kabla mtu hajashuka na nyundo. Hakuna anayejua mfuko upi una dhahabu na upi una mawe matupu. Ndiyo maana mifuko inahesabiwa mbele ya watu kabla haijapelekwa karashani: kila mtu anachukua bahati yake, na hakuna wa kusema alidanganywa.

Majina ya bandani yanafanana sana na mifuko hiyo. Kati ya namba zilizoandikwa, nyingi hazitazaa kitu, na hakuna anayejua ni ipi itazaa. Haki yake basi ni ile ile: yagawanywe yakiwa bado hayajasagwa, mbele ya wote wawili, kwa kanuni iliyokubaliwa kabla ya lango kufunguliwa. Mwenye kusubiri aone jina lipi limezaa ndipo amwambie mwenzake, huyo anataka kuchagua mifuko baada ya kuijua.

Hata hivyo, kanuni ya nusu kwa nusu inayopendwa na wengi sioni kama ndiyo haki yenyewe. Inategemea nani amekaa na nani.

Ushirika ulio rahisi ni wa watu wanaouza vitu vinavyohitajiana. Fundi wa karasha na muuza mota, kwa mfano, au mwenye pampu za kutoa maji duarani na mwenye mabomba. Hapa mteja hana haja ya kugawanywa. Jina linanakiliwa mara mbili, kila mmoja anauza chake, na kila mmoja anamsaidia mwenzake hata bila kukusudia, kwa kuwa anayenunua karasha leo atatafuta mota kesho asubuhi. Kinachohitajika ni safu moja ya ziada kwenye daftari: anahitaji cha nani. Akihitaji vyote viwili, wanakubaliana nani ampigie kwanza, ili mtu asisumbuliwe na simu mbili za banda moja ndani ya saa moja, kila mmoja akijifanya hamjui mwenzake.

Ugumu uko kwa wanaouza kitu kile kile. Wauza asali wawili, mmoja wa Chato na mmoja wa Bukombe, wameweka chupa zao kwenye meza zinazogusana. Anakuja mtu wa duka kubwa la Mwanza, anataka madumu ishirini kila mwezi. Huyu ni wa nani?

Wapo wanaotumia zamu. Mgeni wa kwanza ni wangu, wa pili ni wako, mpaka jua linazama. Zamu ina uzuri wake, maana haina upendeleo na inahesabika. Lakini inamsahau mnunuzi. Mtu ameonja asali ya huyu, ameipenda, halafu anaambiwa aandikwe kwa yule kwa kuwa zamu imefika. Ataondoka, na hatamwambia yeyote kwa nini ameondoka. Naona afadhali mnunuzi apewe nafasi ya kwanza. Akishaonja na kusema nataka hii, basi ni wa mwenye hiyo, na mwenzake ayameze hayo bila kinyongo. Akisema nataka asali tu, yoyote, hapo ndipo zamu iingie. Na akitaka mzigo ambao hakuna kati yao anayeutosheleza peke yake, wauze pamoja, kila mmoja alete madumu yake, bei iwe moja. Oda kubwa za namna hii hupotea kwa sababu muuzaji mmoja aliahidi peke yake mzigo asioweza kuujaza, huku mwenzake aliyekaa umbali wa mkono mmoja akiwa na madumu yamelala stoo.

Kuna wageni wa aina nyingine ambao hawapaswi kuingia kwenye mgawo hata kidogo: wateja wa zamani. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo mwaka 2005, na mkoa wa Geita ukaanza rasmi mwaka 2012. Mfanyabiashara wa Chato mwenye umri mkubwa kidogo ana watu wake tangu kabla ya mabadiliko hayo, pande za Biharamulo hadi Bukoba, na wengine huja Bombambili makusudi kumtafuta. Anafika mtu bandani, anasalimia kwa Kisukuma “mwangaluka”, anauliza, “Mama yupo?” Mama ametoka kidogo. Kijana wa meza ya pili anamkaribisha, anamkalisha, anaandika namba yake, na kuanzia hapo anamhesabu kuwa ni wake kwa kuwa yeye ndiye aliyempokea. Hapana. Aliyekuja akimwulizia mtu ni wa mtu huyo. Njia ya kukwepa mzozo ni kila mmoja kuja na orodha fupi ya wateja wake wakubwa wa zamani na kuionyesha siku ya kupanga meza. Orodha hiyo ikubaliwe kati ya wawili kama watu wazima, bila kuorodhesha nusu ya mkoa.

Suala la anayelipa zaidi nalo lisemwe waziwazi. Mmoja ametoa theluthi mbili ya gharama za banda, ametoa gari la kubebea mashine, amelipia nyumba ya wageni. Anaona ana haki ya majina mengi zaidi. Ninavyoona, amekosea njia. Gharama zilipwe kwa fedha: aliyetoa zaidi arudishiwe tofauti, au apewe meza ya mbele inayoonekana na wapita njia. Lakini mgeni aliyeandika jina lake akitafuta mota hawezi kugeuka mteja wa karasha kwa sababu mwenye karasha alilipia dizeli ya gari. Tukichanganya hesabu za gharama na hesabu za majina, hatutamaliza.

Kamisheni ndiyo dawa ya yale yanayobaki. Tuseme muuza mota alikuwa peke yake bandani mchana, mwenye karasha ameenda kula. Akaja mchimbaji, akaelezwa vizuri, akaonyeshwa jinsi ngoma inavyozunguka na gololi zinavyopasua mawe, akaacha namba. Baadaye karasha likauzwa kwa shilingi milioni 4. Kazi ya kumshawishi mnunuzi ilifanywa na asiye na karasha. Kama walikubaliana asilimia 5, ana shilingi 200,000 zake. Ziwe za mauzo ya kwanza tu kwa mteja huyo, na zilipwe kadiri fedha inavyoingia. Mnunuzi akitanguliza milioni moja, mwenzako apate elfu hamsini siku hiyo hiyo. Watu wa machimbo hulipa kwa awamu kadiri mawe yanavyotoka, na kumdai mwenzio kamisheni ya fedha ambayo bado haijaonekana ni kumbebesha deni lisilo lake. Na ukomo uwekwe: mpaka maonesho ya mwaka ujao, basi.

Kamisheni iliyotajwa mapema pia inaondoa kishawishi cha cha juu. Mtu asiyejua atapata nini kwa kumleta mteja huongeza bei mwenyewe kimyakimya, anamwambia mnunuzi milioni nne na nusu wakati mwenye mashine anauza nne. Mnunuzi akija kuijua bei halisi, na Geita bei hujulikana, anaona banda zima lilikuwa la matapeli.

Kuna udhalimu mwingine ambao hauandikwi kwenye makubaliano yoyote. Mwanamke anamiliki mashine. Ameikopea, anajua inasaga mifuko mingapi kwa saa na inakula dizeli kiasi gani. Amechangia banda na mwanamume anayeuza vifaa vya kinga, kofia ngumu na buti. Wageni wanakuja, wanampita mwenye mashine, wanamwuliza mwanamume: “Fundi, hii bei gani?” Naye anajibu. Anaandika namba kwenye simu yake, si kwenye daftari, kwa kuwa ndiye aliyeulizwa. Hadi jioni ana namba kumi na tano za wateja wa mashine isiyo yake. Wanawake wa sekta ya madini wamepigania nafasi muda mrefu. Chama chao cha kitaifa, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997, na Geita wana chama chao cha mkoa, GEWOMA. Hawajafika Bombambili kuwa wasindikizaji wa meza zao wenyewe. Mshirika muungwana anajibu hivi: “Mwenye mashine ni huyu mama hapa, mwulize yeye.” Sentensi moja, na jina linaandikwa panapostahili.

Tusimsahau pia kijana wa bandani. Mara nyingi ni mpwa wa mmoja wao, au kijana aliyechukuliwa kwa posho ya siku. Yeye ndiye anayesimama tangu asubuhi mpaka taa zinawashwa, yeye ndiye anayeongea na wageni wengi kuliko wote wawili. Akiwa mpwa wa fundi, majina yatamwegemea fundi hata kama hakuna aliyemtuma. Alipwe na wote wawili, nusu kwa nusu, na aambiwe mbele yao kwamba anafanya kazi ya banda. Na oda ikitokea kwenye jina aliloandika yeye, apewe chochote. Ana macho, anaona fedha ilikotokea.

Daftari lenyewe ni mali ya nani? Mgeni aliyeandika namba yake ana haki zake pia, na hizi sasa ni za kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina tume yake ya kuisimamia. Msingi wake mmoja unamgusa kila mwenye kaunta buku: taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zitumike kwa kusudi hilo. Mtu aliyeacha namba apigiwe kuhusu mota hakuomba kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la wauza viwanja. Hata washirika wawili wa banda moja hawapaswi kupeana namba kana kwamba wanapeana chumvi. Kwenye daftari iongezwe safu nyembamba, na mgeni aulizwe: “Mzee, mwenzangu hapa anauza mota, naye akupigie?” Akikubali, tiki. Akikataa, mstari. Ni swali la sekunde tatu, na lina faida nyingine, maana mteja anajua tangu mwanzo kwamba hawa wawili wako pamoja. Hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba hakuwahi kusikia habari za mwenzake.

Ukanda wa dhahabu una haraka yake katika mambo haya. Wachimbaji wadogo wengi hawakai mahali pamoja. Ikisikika dhahabu imefumuka mahali, leo Mbogwe, kesho Bukombe, keshokutwa huko Chunya, watu wanafunga virago. Mtu anabadilisha laini, kambini anaitwa kwa jina jingine kabisa, na mwenye namba ya zamani anabaki na mlio usiopokelewa. Mvua nazo zikikolea maduara yanajaa maji, na fedha ya mashine inageuka fedha ya pampu. Jina lililofichwa mwezi mzima kwa kumwonea mwenzako wivu linakuwa limekufa lenyewe. Anayemficha mwenzake mteja wa mota, huku yeye hauzi mota, amemnyima mwenzake na hakupata kitu.

Kwa hiyo kunakili majina ya waliokubali kufanyike kila jioni, siku ile ile. Wageni wakishapungua, washirika wanakaa, mmoja anasoma, mwingine anaandika kwenye daftari lake. Simu zinatolewa nazo: namba zilizoingizwa moja kwa moja kwenye simu zinasomwa na kuandikwa, kadi za biashara zilizowekwa mfukoni zinatolewa mezani. Kisha picha inapigwa ya nakala ya siku hiyo, kila mtu abaki nayo. Jioni hiyo pia ndiyo nafasi ya kusema lililokwaza. “Dada, yule wa Katente nilimpa bei yako kabla hujarudi, naomba radhi, nilitaja kubwa.” Likisemwa jioni linaisha. Likikaa mpaka siku ya mwisho, linabebwa hadi Chato kwenye gari moja na mizigo.

Ni dhahiri kwamba makubaliano haya yanataka maandishi, ingawa watu wetu hukwepa karatasi kati ya ndugu na marafiki wakidhani ni dalili ya kutoaminiana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo; shida ni kuyathibitisha wakati kila mmoja anakumbuka tofauti. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku lile lile unatosha. Uandikwe nani amelipa nini, wateja wa zamani ni akina nani, kamisheni ni asilimia ngapi na inakoma lini, kijana analipwa na nani. Saini mbili, tarehe, na shahidi mmoja, pengine afisa aliyewapangia meza. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, linafundisha wajasiriamali kufungasha, kuweka nembo na kupanga bei. Ningefurahi sana kuona nusu saa ya mafunzo ya kabla ya maonesho ikienda kwenye ukurasa huo. Wale watakaovuka mpaka wanauhitaji zaidi. Maonesho ya Juakali na Nguvukazi ya Afrika Mashariki, yaliyoanza Arusha mwaka 1999, huzunguka nchi hadi nchi, na mteja wa Kampala au Bujumbura akishaondoka na kadi ya mtu mmoja, mwenzake hana pa kwenda kumtafuta.

Siku ya kufunga hesabu nayo ipangwe mapema. Maonesho ya Geita huangukia Septemba au Oktoba. Hadi mwishoni mwa Januari majina mengi yatakuwa yameshajibu ndiyo au hapana. Washirika wakutane Buseresere au mjini Chato, wafungue daftari, wapitie jina kwa jina: huyu alinunua, huyu amehama, huyu bado anatafuta fedha. Aliyeuza alipe kamisheni aliyobakiza. Majina ambayo hakuna aliyeyapigia yagawanywe upya, kila mmoja achukue yake na kuyafanyia kazi bila kumwuliza mwenzake. Kama mmoja hataki kuchangia banda tena mwaka ujao, aseme siku hiyo, ili mwenzake apate muda wa kutafuta mtu mwingine kabla halmashauri haijaanza kupanga meza.